Ujumbe Usiofika: Uigaji wa Mawasiliano ya Magari na Somo Lake kwa Usafiri wa Dharura Shinyanga na Geita

Utangulizi

Rufaa ya dharura ina safari mbili. Ya kwanza ni ya habari: kutoka kinywani mwa mkunga wa zahanati hadi kwa mratibu wa usafiri, kutoka kwa mratibu hadi kwa dereva, na kutoka kwa dereva hadi hospitali inayopaswa kuandaa chumba cha upasuaji na damu. Safari ya pili ni ya mgonjwa mwenyewe, naye hawezi kuondoka hadi habari iwe imefika. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine waligawa sababu za vifo vya uzazi katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Habari iliyopotea njiani inaweza kuzidisha ucheleweshaji wa pili na wa tatu kwa mara moja.

Wahandisi wa magari wana tatizo linalofanana na hilo. Magari yenye mawasiliano, yaani yale yanayopeana habari kwa mawimbi ya redio kuhusu mahali yalipo na mwendo wake, hayana budi kupimwa kabla ya kukabidhiwa uhai wa watu. Sehemu kubwa ya upimaji huo hufanyika ndani ya kompyuta kwa njia ya uigaji. Magari ya namna hiyo si ya kawaida katika barabara za Shinyanga na Geita. Hata hivyo, namna yanavyopimwa ina mafunzo matatu ambayo zahanati, kituo cha afya au familia inaweza kuyatumia leo.

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya atarajiwe kueleza jinsi uigaji wa mawasiliano ya magari unavyofanyika, kufafanua kwa nini wastani mzuri unaweza kuficha hatari, na kuendesha zoezi dogo la kupima mnyororo wa rufaa wa kituo chake.

Maneno yatakayotumika

Uigaji: kutengeneza mfano wa jambo halisi ili kulijaribu bila kumhatarisha mtu.
Gari lenye mawasiliano: gari linalotuma na kupokea habari bila waya, kutoka kwa magari mengine au mitambo ya barabarani.
Gari linalojiendesha: gari ambalo kazi zote au baadhi ya kazi za dereva hufanywa na kompyuta.
Muda wa kuchelewa: muda kati ya ujumbe kutumwa na ujumbe kupokelewa.

Uigaji si jambo geni wodini

Mkunga aliyewahi kufanya mazoezi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa kutumia mwanasesere anaujua uigaji tayari. Mwanasesere hafi, kwa hiyo kosa linaweza kufanywa, kuonekana na kusahihishwa. Programu ya Safer Births Bundle of Care, iliyotekelezwa katika vituo 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga, iliyaweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara kuwa sehemu ya kazi za kituo, pamoja na vifaa bora na matumizi ya takwimu za kituo chenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine yalionyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000.

Mhandisi wa magari anaiga kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu nyingine ya hesabu. Ajali mbaya hutokea mara chache ukilinganisha na kilomita zinazosafiriwa. Mwaka 2016 taasisi ya RAND ya Marekani ilikokotoa kwamba, kwa kiwango cha vifo vya barabarani cha nchi hiyo, magari yanayojiendesha yangepaswa kusafiri takriban kilomita milioni 440 bila kifo hata kimoja ndipo iweze kusemwa kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba si hatari kuliko madereva wa kawaida. Magari 100 yakitembea usiku na mchana, mwaka mzima, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yangehitaji miaka 12 na nusu. Hakuna anayeweza kusubiri hivyo kila programu ya gari inapobadilishwa. Kwa hiyo hali za hatari huundwa kwenye kompyuta na kurudiwa maelfu ya mara, kisha chache zilizoteuliwa hujaribiwa katika uwanja wa majaribio na hatimaye barabarani.

Jinsi uigaji unavyojengwa

Uigaji wa mawasiliano ya magari huwa na tabaka tatu zinazofanya kazi kwa pamoja.

Tabaka la kwanza ni mwendo. Programu kama SUMO, iliyotengenezwa na Kituo cha Anga cha Ujerumani, huchora barabara, makutano na magari, na kukokotoa kila gari liko wapi na linakwenda kwa kasi gani.

Tabaka la pili ni mawimbi. Programu kama OMNeT++ au ns-3 hukokotoa kama ujumbe uliotoka gari moja utalifikia jingine: umbali ukoje, kuna kizuizi gani katikati, na ni magari mangapi yanazungumza kwa wakati mmoja. Programu ya Veins huunganisha SUMO na OMNeT++, ili gari linaposogea barabarani, antena yake nayo isogee katika hesabu ya mawimbi.

Tabaka la tatu ni uamuzi. Gari likipata ujumbe litafanya nini? Lisipoupata litafanya nini? Swali hili la pili ndilo linalobeba uzito mkubwa zaidi.

Baada ya hapo vifaa halisi huingizwa. Redio ya kweli ya gari huunganishwa na kompyuta, ikadhani iko barabarani, huku magari yanayoizunguka yakiwa ya kuigwa. Hatua hii hufichua kasoro ambazo hesabu peke yake haizioni. Mwishoni, vipimo vya barabarani hulinganishwa na vya uigaji. Visipolingana, kinachorekebishwa ni mfano.

Lori kati ya magari mawili

Itazamwe barabara ya Isaka hadi Kahama, inayopitisha malori ya mizigo kuelekea Rwanda na Burundi. Gari la wagonjwa liko nyuma ya lori refu na dereva anataka kulipita. Upande wa pili basi dogo linakuja. Gari la wagonjwa linakwenda kilomita 80 kwa saa, na basi vivyo hivyo. Kila moja linapita takriban mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo umbali kati yao unapungua kwa mita 44 kila sekunde.

Ichukuliwe kwamba magari yote mawili yana redio za mawasiliano ya moja kwa moja. Redio za namna hii kwa kawaida hutumia masafa ya gigahezi 5.9, na kila gari linaweza kutangaza mahali lilipo hadi mara 10 kwa sekunde. Kwa saa moja hizo ni jumbe 36,000. Lakini mawimbi ya masafa hayo hudhoofika sana yanapokutana na mwili mkubwa wa chuma. Lori lile lile linalomzuia dereva asilione basi ndilo linaloweza kuzuia mawimbi ya basi.

Tuseme lori likazuia mawimbi kwa sekunde mbili tu. Jumbe 20 zimepotea kati ya 36,000. Ripoti ya saa hiyo itasema kwamba asilimia 99.94 ya jumbe zilifika, na mtu asiyejua atapongeza. Ila katika sekunde mbili hizo magari yamekaribiana kwa takriban mita 89, na zilikuwa ndizo sekunde mbili ambazo dereva alihitaji kujua.

Mtu anaweza kufikiri kwamba kupoteza jumbe 20 mfululizo ni jambo lisilowezekana. Lingekuwa hivyo kama kila ujumbe ungepotea kwa bahati nasibu yake wenyewe. Kama ni ujumbe mmoja kati ya 10 unaopotea kwa bahati nasibu, kupotea kwa 20 kwa mfululizo hakungetokea katika umri wote wa dereva. Tatizo ni kwamba jumbe hazipotei hivyo. Zinapotea kwa pamoja kwa sababu zina kizuizi kimoja, nacho hujitokeza pale pale penye hatari. Uigaji uliojengwa vizuri huonyesha jambo hili, kisha hulinganisha dawa zake: kuweka antena juu ya paa, au kulifanya lori lenyewe lipokee ujumbe wa basi na kuupeleka kwa gari lililo nyuma yake.

Somo la kwanza: wastani huficha

Usafiri wa dharura wa m-mama, unaoendeshwa na Serikali pamoja na wadau wakiwamo Vodafone Foundation na Touch Foundation, ulijaribiwa Sengerema mkoani Mwanza na kuendelezwa Shinyanga, kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuuzindua kitaifa Aprili 2022. Simu hupigwa bila malipo kwa namba 115. Mratibu huuliza hali ya mgonjwa, huchagua kituo kinachofaa na hutafuta gari la wagonjwa. Lisipokuwapo, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya safari kuthibitishwa. Ni mfumo wa magari yenye mawasiliano kwa maana pana, ingawa kompyuta za magari hazizungumzi zenyewe.

Ufikiriwe mfano wa kubuni. Kituo kimepiga simu 100 za rufaa. Kati ya hizo, 95 zimepata gari ndani ya dakika moja baada ya kupokelewa, na tano zimesubiri saa nzima. Wastani ni chini kidogo ya dakika nne, na ripoti yenye wastani huo itaonekana kuwa nzuri. Lakini kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumwua mama mwenye afya njema ndani ya saa mbili asipotibiwa. Kwa mama mmojawapo wa wale watano, nusu ya muda wake imekwisha kabla gari halijawashwa.

Aidha, kama zilivyo jumbe za basi, simu tano hizo huenda hazikuchelewa kwa bahati nasibu. Huenda zote zilipigwa usiku wa mvua, wakati udongo mweusi wa mbuga umekuwa tope, mnara umekosa umeme na dereva wa karibu amelala na simu iliyozimika. Kwa hiyo kila kituo kinashauriwa kuandika, kando ya wastani, muda mrefu kuliko wote wa mwezi huo, saa uliyotokea, na sababu yake. Katika kikao cha kujadili takwimu, mjadala uanzie hapo.

Somo la pili: ukimya uwe na maana iliyokubaliwa

Chini ya ardhi mawimbi ya redio hayapenyi mwamba kwa umbali wa maana. Migodi hutandaza nyaya maalumu zinazovujisha mawimbi, au vituo vidogo vya redio kando ya njia. Katika mgodi wa Kibali, Mkoa wa Haut-Uele mashariki mwa Kongo, mashine za kubeba mawe ya dhahabu chini ya ardhi huendeshwa na watu walioketi juu, na mwendeshaji mmoja anaweza kusimamia zaidi ya mashine moja. Mitambo ya aina hii hujengwa kwa kanuni moja isiyobadilika: mashine ikiacha kumsikia mwendeshaji wake, husimama. Haiendelei kwa matumaini kwamba mambo ni salama. Vivyo hivyo malori yanayofuatana kwa ukaribu kwa msaada wa redio hupaswa kuongeza nafasi kati yao mara ujumbe unapokatika.

Katika rufaa za wagonjwa, ukimya mara nyingi hufasiriwa kinyume chake. Muuguzi amepiga simu, ameambiwa gari linakuja, kisha hajasikia neno. Anachukulia kwamba liko njiani. Hospitali nayo, haijasikia neno, inachukulia kwamba mgonjwa hajatoka. Kila upande umetulia.

Dawa yake ni kukubaliana mapema juu ya muda. Ikiwa dereva hajapiga simu ndani ya dakika walizokubaliana tangu kupangiwa safari, zahanati impigie mratibu tena na kuuliza kuhusu gari mbadala. Ikiwa hospitali haijathibitisha kwamba imepokea taarifa za mgonjwa, taarifa hizo zihesabiwe kuwa hazijafika. Dakika ngapi? Jibu hutegemea umbali na barabara ya kila kituo, na linapatikana kwa kupima, kama inavyoelezwa chini.

Somo la tatu: mfano ufanane na mahali

Uigaji hutoa majibu ya ulimwengu uliowekwa ndani yake. Mfano uliojengwa kwa barabara za Ulaya utakuwa na magari mengi yenye redio, taa za kuongozea magari na njia za waenda kwa miguu. Katika barabara inayotoka mjini Geita kuelekea machimbo madogo ya Nyarugusu au Rwamagasa kuna bodaboda zenye abiria wawili, baiskeli za mkaa, mikokoteni na ng'ombe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotangaza mahali kilipo mara 10 kwa sekunde. Gari linalotegemea redio pekee halimwoni mtoto anayevuka. Ndiyo maana redio haiwezi kuchukua nafasi ya kamera, rada na breki, wala teknolojia haiwezi kuchukua nafasi ya mwendo wa wastani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

Ardhi nayo huhesabiwa. Milima ya Geita hukinga mawimbi ya minara ya simu, nayo mbuga tambarare za Shinyanga huyaacha yaende mbali, lakini minara iko mbalimbali. Mpango wa rufaa ulioandikwa kwa ajili ya manispaa ya Kahama hautafaa, bila kupimwa upya, kwa kijiji cha wachimbaji ambako majeruhi wa maduara hupandishwa usiku na mtandao hupatikana tu juu ya kilima fulani. Wenyeji hukijua kilima hicho, na mpango mzuri hukiandika kwa jina.

Zoezi la kituo: kuiga rufaa bila mgonjwa

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Linahitaji saa, daftari na watumishi wawili au zaidi. Kabla ya kuanza, mratibu wa wilaya ajulishwe, na namba 115 isipigwe kwa majaribio bila mpango, ili mgonjwa wa kweli asikute imeshikiliwa.

1. Lichaguliwe tukio moja: kwa mfano, kutokwa na damu baada ya kujifungua, saa nane usiku.
2. Iandikwe kila hatua ya ujumbe: nani anampigia nani, kwa simu ya nani, na nani anathibitisha.
3. Kila hatua ipimwe kwa saa.
4. Hatua moja ikatwe kwa makusudi: simu ya kituo imeisha chaji, au dereva wa kwanza hapatikani. Ipimwe tena.
5. Zoezi lirudiwe wakati mwingine, mchana na usiku, kiangazi na masika.
6. Uandikwe muda mrefu kuliko wote, na hatua iliyousababisha. Hatua hiyo ndiyo irekebishwe kwanza.
7. Rufaa halisi zinapotokea, muda wake ulinganishwe na wa zoezi. Ukitofautiana sana, zoezi halikufanana na hali ya kweli na linapaswa kubadilishwa.

Kwa mgonjwa na familia

Familia ni hatua ya kwanza ya ujumbe. Mama mjamzito au aliyejifungua akitokwa na damu nyingi, akipata degedege, akiumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, au mtoto mchanga akishindwa kunyonya au kupumua, msaada uitwe papo hapo, bila kungoja kuche. Anayepiga simu ataje kijiji, kitongoji na alama inayojulikana na wengi: shule, kanisa, msikiti, mashine ya kusaga au mti mkubwa. Abaki na simu iliyo wazi, asiitumie kwa mazungumzo mengine. Akiahidiwa gari na muda ukapita, apige tena. Kupiga mara ya pili si usumbufu wala utovu wa adabu.

Ni vema pia kila kaya yenye mjamzito ijue mapema ni wapi mtandao unapatikana, nani ana simu yenye chaji usiku, na nani atamsindikiza mama.

Hitimisho

Wahandisi wa magari wamejifunza kutouliza tu ni jumbe ngapi zilifika, bali ni zipi hazikufika, wapi, na gari lilifanya nini katika ukimya huo. Mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, magari yanayozungumza yenyewe huenda yakaja kwanza migodini kuliko barabarani. Maswali yao hayana haja ya kusubiri magari hayo. Zahanati inayojua muda wake mrefu kuliko wote, na iliyokubaliana la kufanya simu inaponyamaza, imekwisha kupunguza hatari kwa mama anayeletwa usiku.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kupotea kwa jumbe 20 mfululizo ni hatari zaidi kuliko kupotea kwa jumbe 20 zilizotawanyika katika saa nzima?
2. Katika kituo chako, ni nani huthibitisha kwamba hospitali imepokea taarifa za mgonjwa kabla hajaondoka? Asipothibitisha, hufanyika nini?
3. Rufaa iliyochukua muda mrefu kuliko zote miezi mitatu iliyopita ilikwama katika hatua gani?
4. Taja mambo mawili ya mahali ulipo ambayo mpango wa rufaa ulioandikwa kwingine hauwezi kuyajua.